Mahali pa Kuegesha Magari na Haki ya Anayetembea kwa Miguu





Tunapozungumzia haki na amani, akili zetu huelekea haraka kwenye mambo makubwa: uchaguzi, ardhi, rushwa, wakimbizi, vita katika nchi jirani. Ni sawa kabisa. Lakini haki hupimwa pia katika mambo tunayoyapita kila siku bila kuyatazama. Safari hii tumechagua jambo moja la namna hiyo, nalo ni mahali pa kuegesha magari mjini: kando ya barabara, mbele ya maduka na hospitali, na ndani ya viwanja vya makanisa yetu wenyewe. Hoja yetu ni moja tu. Kila anayetenga mahali pa magari anawajibika kwanza kwa usalama wa yule asiye na gari. Uwanja ukihifadhi magari mia moja vizuri lakini ukamweka mtoto mmoja hatarini, uwanja huo umejengwa vibaya, hata kama kila dereva anausifu.

1. Ukingo wa dari

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati (22:8) imo sheria fupi ambayo wahubiri huipita mara nyingi bila kuigusa. Inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ikabeba hatia ya damu. Nyumba za watu wale zilikuwa na mapaa bapa. Juu yake walianika mazao, walipumzika jioni, hata kulala. Dari ilikuwa mahali pa maisha ya kila siku, na kwa sababu hiyo ilikuwa pia mahali pa kuanguka.

Tuitazame vizuri sheria hiyo. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe, mtoto, mlevi au mgeni. Haimruhusu mwenye nyumba asubiri mtu aanguke kwanza, ndipo ajenge ukingo. Inamtaka afikiri mapema juu ya mtu ambaye bado hamjui, na kufikiri huko inakuhesabu kuwa sehemu ya haki. Sheria nyingine inayofanana nayo imo katika kitabu cha Kutoka (21:33-34): aliyechimba shimo na kuliacha wazi, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, hana budi kulipa. Ikiwa punda alilindwa hivyo katika jamii ya wafugaji, je, mtoto wa shule anayekatisha kati ya magari katika jamii ya watu wa mjini hastahili ulinzi zaidi?

Kwetu husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huenda ukamfariji aliyefiwa, lakini haufai kuwa msingi wa ujenzi. Ajali nyingi zina kinga, na mara nyingi kinga yenyewe ni rangi, mawe, taa na mita mbili za nafasi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zilizokuwa chanzo kikuu cha vifo. Hesabu hiyo ni ya barabarani, lakini magari ya uwanjani ni yale yale, madereva ni wale wale, na watoto ni wale wale. Mtoto akikanyagwa na gari linalorudi nyuma, nasi tukasimama kando ya kaburi na kusema kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu, yafaa tujiulize kwanza kama hatumsingizii Mungu jambo lililokuwa juu ya fundi, juu ya mwenye kiwanja na juu ya kamati iliyopitisha ramani.

2. Nani anautumia uwanja?

Mtu anayechora uwanja wa magari kwa kawaida huanza kwa kuhesabu magari, na hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda mrama. Dereva akishazima injini na kufungua mlango, amekwisha kuwa mtembea kwa miguu. Nyuma yake anashuka mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, na watoto wawili wanaoruka chini kabla mlango haujafunguka vizuri. Hao wote hawana budi kupita katikati ya magari yanayoingia na kutoka, mpaka wafike kwenye mlango wa duka, wa wodi au wa kanisa. Pamoja nao wamo waliokuja kwa daladala, kwa bajaji, kwa bodaboda na kwa miguu yao, ambao katika miji yetu ndio walio wengi.

Basi, swali la kwanza mezani lingekuwa hili: mtu akishashuka, au akiingia kwa miguu kutoka barabarani, atapita wapi? Likijibiwa hilo, ndipo yafuate maswali ya idadi ya magari, ya ushuru na ya walinzi. Katika ramani nyingi mpangilio huwa kinyume chake. Magari hupangwa kwanza, na watu huachiwa nafasi iliyobaki. Mahali ambapo hapakubaki kitu, watu hupita penye magurudumu.

3. Vipimo ambavyo kila mjumbe anaweza kuvisimamia

Hatuandiki haya kama wahandisi. Lakini mjumbe wa Halmashauri ya Walei hahitaji kuwa mhandisi ili aulize swali la maana, kama vile hahitaji kuwa mhasibu ili aulize stakabadhi iko wapi. Vipimo vifuatavyo ni vya kawaida, na kila mtu mwenye futi ya kupimia anaweza kuvihakiki.

Nafasi. Gari dogo huhitaji nafasi yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Magari yakipangwa safu mbili zinazotazamana, njia iliyo katikati yapasa kuwa na upana wa mita 6 hivi ili gari liingie na kutoka bila taabu. Tukijumlisha njia, kona na milango, gari moja huchukua mita za mraba 25 hadi 30. Chumba cha ukubwa huo chaweza kufundishiwa katekesi watoto 20. Yupo atakayeshauri njia ipunguzwe ili magari mengi zaidi yaingie. Matokeo yake ni dereva anayekwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu mahali pamoja, na kila anaporudi nyuma anaweza kumgonga mtu. Mahali palipo finyu, heri magari yapangwe kwa mshazari na njia iwe ya kwenda upande mmoja tu. Hapo njia yaweza kuwa nyembamba zaidi, na anayevuka anajua gari litatokea upande upi.

Mwendo. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 katika sekunde moja. Linalokwenda kilomita 10 kwa saa hupita chini ya mita 3. Mtoto akichomoza kati ya magari mawili, dereva hana zaidi ya sekunde moja au mbili za kufanya uamuzi, kwa hiyo tofauti ya mwendo huo ndiyo tofauti ya mtoto kuishi au kufa. Bango la kupunguza mwendo peke yake halitoshi. Njia ndefu iliyonyooka humvuta dereva akimbie. Tuta au kona humfanya apunguze mwendo apende asipende.

Kurudi nyuma. Mtoto mdogo aliyesimama nyuma ya gari haonekani katika kioo cha ndani, na mara nyingi haonekani hata katika vioo vya pembeni. Dawa yake ni nyepesi. Dereva aegeshe kwa kurudi nyuma anapofika, akiwa ametoka kupaona mahali anapoingia, ili wakati wa kuondoka atoke akitazama mbele. Wakati wa kuondoka ndio wakati ambao watu wamejaa uwanjani. Ibandikwe amri hiyo langoni, na walinzi waisimamie.

Njia ya miguu. Iwe na upana wa mita 1.5 au zaidi, iinuliwe juu ya usawa wa magari au itenganishwe kwa mawe na nguzo fupi, na ianzie langoni hadi mlangoni bila kukatika. Inapobidi ivuke njia ya magari, pachorwe mistari myeupe na pawekwe tuta. Waenda kwa miguu wapewe lango lao. Lango moja la magari na watu ndilo mtego wa kwanza wa viwanja vyetu vingi.

Walio na ulemavu. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kushuka katika nafasi ya mita 2.5, anahitaji mita 3.6 hivi, karibu na mlango, mahali pasipo na mteremko. Penye ngazi ya kuingilia pajengwe njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 1.8. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayogusa pia haki ya kuyafikia majengo yanayotumiwa na umma. Kwa hiyo njia hiyo ya mteremko ni deni. Isihesabiwe kuwa sadaka.

Maji na kivuli. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya uwanja wa mita za mraba 1,000 uliosakafiwa kwa saruji, ni lita 50,000 za maji, yaani mapipa 250 ya lita 200. Maji hayo yasipopewa mfereji yataingia katika nyumba ya jirani aliye bondeni, na jirani huyo mara nyingi ndiye maskini kuliko wote mtaani. Sehemu ya uwanja iachwe na changarawe au vitofali vyenye nafasi za kupitisha maji, na mifereji ifunikwe. Tusisahau shimo la kitabu cha Kutoka. Miti isikatwe. Mwarobaini hupoza uwanja na kumpa kivuli anayesubiri basi. Mnazi na mwembe, kwa wale waliopata kuegesha chini yake, hauhitaji maelezo yetu.

Mwanga na njia ya dharura. Uwanja wenye giza hufaa kwa mwizi na kwa mwenye nia mbaya kwa wanawake. Taa ziwekwe kwanza kwenye njia ya miguu na kwenye lango, na ua wa miti usizidi kimo cha kiuno ili mtu aonekane. Tena iwepo njia yenye upana wa mita 4 hivi isiyozibwa na gari lolote kwa sababu yoyote, ili gari la zimamoto au la wagonjwa lifike mlangoni. Usiku wa Kesha la Pasaka, kanisa likiwa limejaa hadi nje, njia hiyo ni ya thamani kuliko nafasi kumi za kuegesha.

4. Mitaa ya mji wetu

Yaliyo kweli kwa uwanja mmoja ni kweli pia kwa mji mzima. Dar es Salaam, kwa Sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu 5,383,728. Hakuna barabara wala kiwanja kinachoweza kumpa kila mmoja wao mahali pa kuweka gari lake katikati ya mji, na hakuna haja ya kujaribu. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliligusa jambo hili waziwazi katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, kifungu cha 153. Alieleza kwamba wingi wa magari yanayobeba mtu mmoja au wachache huilazimisha miji kujenga barabara na maegesho zaidi na zaidi yanayoharibu sura ya mji, na kwamba wataalamu wengi huona usafiri wa umma upewe nafasi ya kwanza. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, jiji letu lilipata nafasi ya kulitumia wazo hilo. Maegesho salama na ya bei nafuu yakiwa huko mwisho wa njia ya mabasi, mwenye gari anaweza kuliacha hapo, na katikati ya mji kukapumua.

Tazameni pia njia za waenda kwa miguu. Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliagizwa waondoke kando ya barabara na kwenye njia za waenda kwa miguu, wahamie maeneo waliyopangiwa. Hatuna nia ya kuufufua ubishi wa wakati ule. Tunasema tu kwamba sababu iliyotolewa, yaani njia ziwe wazi kwa watu kupita, ni sababu njema, na kwamba sababu njema haina upendeleo. Ikiwa meza ya mama muuza nyanya haina haki ya kukaa juu ya njia ya miguu, basi gari la bwana mkubwa halina haki hiyo pia. Aliyeondolewa na meza yake akipita leo mahali pale pale akakuta gari limepandishwa juu ya njia, na watoto wa shule wanashuka barabarani kulizunguka, ataamini vipi kwamba aliondolewa kwa ajili ya watoto hao? Sheria inayomkamata mwenye meza na kumwacha mwenye gurudumu huwafundisha watu kuidharau sheria yenyewe, na amani ya mji huanza kuharibika hapo.

Kadhalika majengo marefu. Jengo likiidhinishwa kwa sababu lina maegesho katika orofa ya chini, kisha orofa hiyo ikageuzwa ghala au maduka, magari ya wapangaji wote humwagika barabarani. Mwenye jengo amepata kodi ya ziada, na gharama yake wanailipa wapita njia kwa usalama wao. Huo ni wizi, ingawa hakuna mfuko wa mtu uliochanwa.

Na ushuru je? Wapo wanaoona kwamba maegesho ya bure ni huruma kwa wananchi. Mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, Donald Shoup, alionyesha kinyume katika kitabu chake The High Cost of Free Parking cha mwaka 2005. Ardhi ya maegesho na ujenzi wake vina gharama, na gharama hiyo isipolipwa na mwenye gari huingizwa katika bei ya bidhaa na katika kodi ya pango, hata asiye na gari akailipa pia. Mama aliyekuja dukani kwa daladala anamlipia maegesho mtu aliyekuja na gari. Kwa hiyo ushuru wa maegesho, ukiwa wa kiasi, ukitolewa stakabadhi, na mapato yake yakaonekana katika njia za miguu na taa za barabarani, ni jambo la haki. Ukikusanywa pasipo kuonekana unakwenda wapi, wananchi wana haki ya kuuliza, na viongozi wa walei wawe mbele katika kuuliza huko.

5. Viwanja vya makanisa yetu

Neno letu kwa serikali na kwa wafanyabiashara litakuwa na uzito kama tutaanzia nyumbani. Mtume Yakobo (2:1-4) anawakemea Wakristo ambao mtu mwenye pete ya dhahabu akiingia katika kusanyiko humpa mahali pazuri, na maskini humwambia asimame kando. Leo upendeleo huo waweza kuanza kabla hatujaingia kanisani, tukiwa bado nje. Kivuli kilicho karibu na mlango kina gari, na bibi aliyetembea kilomita tatu anasimama juani akisubiri Misa ya kwanza iishe. Njia ya kiti cha magurudumu imezibwa na gari la mtu anayeheshimika, na hakuna anayethubutu kumwambia alisogeze.

Saa ya hatari kuliko zote ni ile iliyo kati ya Misa mbili za Dominika. Wanaotoka hukutana langoni na wanaoingia, watoto wa Utoto Mtakatifu hutoka mbio, wauza maandazi na vitabu wamezungukwa na watu, na madereva wana haraka. Dawa ya saa hiyo haihitaji harambee. Ratiba iache nusu saa kati ya Misa na Misa. Lango la magari lifungwe kwa dakika 15 baada ya baraka, mpaka watu wa miguu wametoka. Nafasi za karibu na mlango zitengwe kwa wagonjwa, wazee, walemavu na mama wajawazito, kisha magari ya mapadre, ya watawa na ya wenyeviti yakae mbali kama ya wengine. Vijana wa VIWAWA wapewe vizibao vinavyong'aa na mafunzo mafupi ya kuongoza magari. Mlinzi wa uwanja alipwe ujira wa haki. Hatuwezi kuhubiri Rerum Novarum ya mwaka 1891 altareni huku anayelinda magari yetu akiishi kwa bahashishi.

Parokia nyingine za katikati ya mji hukodisha viwanja vyao kwa magari siku za juma. Hatusemi ni dhambi. Lakini tunaomba mambo matatu yazingatiwe kabla ya kutia saini. Watoto wa shule ya awali na wa katekesi wabaki na uwanja wao wa kucheza, uliozungushiwa uzio. Mapato yasomwe mbele ya waamini, na sehemu yake irudi katika usalama wa uwanja huo. Tena lile bango la kwamba kila mtu anaegesha kwa hatari yake mwenyewe lisidhaniwe kuwa linafuta wajibu. Mwenye dari isiyo na ukingo hakuruhusiwa kujiokoa kwa kuandika ukutani kwamba wageni wajihadhari.

6. Pingamizi mbili

Ya kwanza tunaisikia mara kwa mara: wenye magari ndio wanaotoa michango mikubwa, tukiwabana watahamia parokia nyingine. Tunajibu kwamba mjane wa Injili ya Marko (12:41-44) alihesabiwa kutoa kuliko wote, na hatudhani alikuja kwa gari. Zaidi ya hayo, uwanja salama haumwonei mwenye gari. Yeye naye ana watoto, naye huteremka na kutembea. Dereva aliyemkanyaga mtoto bila kukusudia hubeba jeraha hilo hadi kaburini. Uwanja uliopangwa vizuri humlinda yeye pia, asije akawa muuaji siku ya Dominika.

Pingamizi ya pili ni ya fedha: parokia ina deni la paa, itatoa wapi fedha za kujenga uwanja? Hapa tunaomba watu wasichanganye usalama na urembo. Kusakafu uwanja wote ni gharama kubwa, na mara nyingi si lazima. Chokaa ya kuchora mistari, mawe ya kutenga njia ya miguu, udongo wa kujengea tuta, taa mbili na lango la pili la waenda kwa miguu ni mambo ambayo Jumuiya Ndogo Ndogo zikigawana zinaweza kuyamaliza katika Jumamosi chache. Mambo hayo yafanywe kwanza. Saruji ingoje zamu yake.

7. Tunachoomba

Kila Halmashauri ya Walei iteue watu wanne waukague uwanja wa parokia au wa kigango: mama mwenye mtoto mchanga, mtu mwenye ulemavu, mlinzi, na dereva. Wautembee pamoja kutoka lango la barabarani hadi mlango wa kanisa, mara moja asubuhi ya Dominika na mara moja usiku, na waandike kila mahali walipolazimika kupita njia ya magari. Taarifa yao isomwe kabla ya ramani yoyote mpya kupitishwa. Kisha viongozi wetu walio katika serikali za mitaa na mabaraza ya madiwani wadai hatua kama hiyo kwa masoko, vituo vya mabasi, shule na hospitali za mitaa yao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, na ramani za mji ni mali ya wananchi. Aliyepewa udiwani kwa kura za watembea kwa miguu asione taabu kuwaulizia mahali pa kutembea.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, kifungu cha 69, ulikumbusha kwamba Mungu aliiweka dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Ardhi ya mjini ni sehemu ya dunia hiyo, hata ile mita moja na nusu iliyo kati ya ukuta na magurudumu. Tumwachie mtoto mita yake moja na nusu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni wapi watoto hulazimika kushuka barabarani kwa sababu ya magari yaliyoegeshwa? Nani mwenye mamlaka juu ya mahali hapo, na nani kati yetu atakwenda kumwona?

2. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika altareni kwetu bila kubebwa? Kama hawezi, kizuizi cha kwanza kiko wapi?

3. Kama uwanja wa parokia yetu hukodishwa kwa magari, mapato yake husomwa lini, na sehemu gani imetumika kwa usalama?

4. Jumuiya yetu inaweza kufanya kazi gani uwanjani kabla ya Dominika ijayo?